Mapembea ya Gröna Lund: ekari 15 zinatosha?

Shemeji yangu, mume wa dada, ameishi Stockholm miaka mingi na bado hataki kusikia habari za Gröna Lund. "Kule ni kubanana tu, shemeji," huniambia. "Ukitaka mapembea ya kweli subiri twende Göteborg, Liseberg. Ndiko kwenye nafasi." Nimesubiri safari mbili nzima. Ya tatu, mwezi Juni, nikamchukua mpwa wangu wa miaka 12, tukashuka Slussen na kupanda pantoni. Baba mtu tukamwacha na mpira wake kwenye televisheni.

Tangu hapo tunabishana. Yeye anashikilia kwamba bustani iliyobanwa pale ukingoni mwa maji ni ya kupita tu, mgeni apige picha aondoke. Mimi nasema kubanwa huko ndiko kunakoifanya istahili nauli. Ila kusema kweli, baadhi ya hoja zake nimeshindwa kuzijibu.

Tuanze na ukubwa. Gröna Lund imekaa kwenye kisiwa cha Djurgården, katika eneo la kama ekari 15. Wapo wakulima kwetu wenye mashamba yanayolizidi. Humo ndani mna mapembea na mitambo zaidi ya 30, jukwaa kubwa la muziki, migahawa na vibanda vya bahati nasibu. Ilianzishwa mwaka 1883 na Mjerumani mmoja, Jacob Schultheis, na ndiyo bustani kongwe ya aina hiyo Sweden. Liseberg yenyewe ilifunguliwa 1923. Nyumba nyingi utakazoziona humo hazikujengwa kwa ajili ya burudani. Ni nyumba za makazi na biashara za karne ya 19. Zilikuwapo, reli za chuma zikapenyezwa kati yake, kama mtu anayejenga duka uani kwa babu yake.

Mbona hawatanuki? Mbele yao ni maji. Nyuma yao ni Djurgården, ambako zamani wafalme walikuwa wakiwinda, na ambako tangu 1995 ni sehemu ya hifadhi ya taifa iliyo ndani ya jiji, yenye ulinzi wa kisheria. Na hata hicho kipande cha ufuko kiliwahi kuwa na wenyewe wawili. Mwaka 1924 familia ya Lindgren ilifungua uwanja wake, Nöjesfältet, ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na Gröna Lund, na kwa miaka zaidi ya 30 pande hizo mbili zikanyang'anyana wateja. Katikati ya ushindani huo kijana wa upande mmoja akampenda binti wa upande wa pili, wakaoana. Nöjesfältet ilikuja kufungwa 1957. Mpwa wangu aliposikia kisa hicho aliuliza kama harusi ilifanyiwa upande gani. Sikuwa na jibu.

Asiye na uwanja hupanda juu, na ndivyo walivyofanya. Mwaka 1998 walisimamisha Fritt Fall, mnara unaokupandisha mita 80 kisha unakuachia. Mwaka 2013 ukaja Eclipse, mnara wa mita 121 wenye viti vinavyoning'inia kwa minyororo na kuzunguka hewani. Zile rolakosta, yaani vigari vya relini vinavyopanda na kuporomoka, zimesukwa kama ukili: Vilda Musen ilipojengwa mwaka 2003, reli zake zilipishanishwa na reli za Jetline iliyotangulia. Ukisimama chini hujui ni gari la nani linalokupita kichwani.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na shemeji. Tulikaa kwenye kiti cha Eclipse, mimi na mpwa, miguu ikibembea. Mtambo ukaanza kupanda polepole. Mita 20 za kwanza bado unasikia muziki na watu wakipiga kelele. Zikapita, ukabaki upepo na mlio wa minyororo. Kiti hakina ukuta wala dirisha. Kila tukizunguka mji ulikuwa unapita mbele yetu kama mkanda wa picha: Gamla Stan, yaani mji mkongwe, na minara ya makanisa yake, meli zilizotia nanga, paa la jumba la makumbusho la Vasa lenye milingoti juu yake, kisha miti, miti, miti. Halafu maji tena, na pantoni yetu imekuwa kama kiberiti. Mpwa alinishika mkono bila kusema kitu, na huyu ni mtoto anayesema siku nzima. Huwezi kuupata mwono huo kwenye bustani iliyojengwa nje ya mji kwenye uwanja mpana, hata wakikuwekea mnara mrefu zaidi. Utaona maegesho ya magari.

Jambo la pili ni kwamba Gröna Lund haikuli siku nzima. Jumba la Vasa, ilimo ile meli iliyozama 1628 na kuibuliwa 1961, unalifikia kwa mguu. Skansen, makumbusho ya wazi ya nyumba za kale, iko jirani, na jumba la makumbusho la bendi ya ABBA vilevile. Pantoni na tramu namba 7 zinakubali tiketi ileile ya usafiri wa jiji. Unaweza kushinda makumbusho, ukaingia kwenye mapembea jioni, na usiku ukalala kitandani kwako. Göteborg ni saa tatu na zaidi kwa treni, na bila shaka utalala hoteli.

Sasa tumpe shemeji haki yake.

Foleni kwanza. Jumamosi ya Julai yenye jua, watu wote wa Stockholm wasiokwenda kwenye nyumba zao za visiwani huwa wako pale. Njia ni nyembamba, vigari vya watoto wachanga vinagongana na wapenzi wanaotembea wameshikana mikono, na penye mtambo mpya kama Monster, rolakosta ya 2021 inayokupeleka miguu ikining'inia, unangoja muda mrefu kwa safari ya dakika chache. Liseberg nako kuna foleni, lakini umati una pa kutawanyika na kuna vivuli vya miti vya kupumzikia. Kwa mama mwenye watoto watatu wa umri tofauti, hilo ni kubwa kuliko mwono wowote wa mji. Sikuwa na la kumjibu.

Pesa ni ya pili. Unalipa kiingilio, kisha mapembea unayalipia mbali, ama moja moja ama kwa bangili ya siku nzima. Bangili inafaa kwa mtu anayepanda kutoka asubuhi hadi kufunga. Lakini mimi ndiyo kwanza nimetoka kuisifu bustani kwamba ni ya jioni moja! Shemeji aliidaka hoja hiyo upesi. Ukinunua bangili ukaenda jioni, gharama ya kila pembea inapanda, na ukienda asubuhi ili ufaidi bangili, ule uzuri wa kuchanganya na mambo mengine unapotea. Yuko sawa, ila mimi nasema kosa liko kwenye bangili. Lipa kiingilio, chagua mapembea manne au matano, mengine yatazame. Kutazama kule ni bure na kunafurahisha: watu wanaposhuka Fritt Fall nyuso zao zinasema yote.

Kuna pia gurudumu la chokoleti, mchezo wa siku nyingi katika viwanja vya Sweden. Unaweka hela kwenye namba, gurudumu linazungushwa, mshindi anaondoka na vipande vya chokoleti vya kubeba begani. Shemeji anaita kamari. Nadhani hapo hajakosea, na mpwa hakucheza.

Tamasha nazo ni upanga wenye makali kuwili. Wakati wa msimu wasanii wakubwa hupanda jukwaani, na kwa aliyekuja kwa muziki ni raha ya bei nafuu. Kwa aliyekuja na mtoto kupanda pembea, ni ukuta wa migongo. Rekodi ya pale inajulikana: mwaka 1980 Bob Marley alivuta watu 32,000. Ndiye yuleyule ambaye Aprili ya mwaka huohuo aliimba Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, Zimbabwe ilipopata uhuru. Ukizigawa ekari 15 za leo kwa umati ule, kila mtu anapata chini ya mita mbili za mraba, na hapo umehesabu nyumba, mitambo na vyoo.

Hoja nzito kuliko zote ni usalama. Tarehe 25 Juni 2023 treni ya Jetline iliharibika ikiwa njiani, mtu mmoja akafa na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Bustani ilifungwa kwa muda, na Jetline, iliyokuwapo tangu 1988, haikurudi tena. Shemeji huwa anamalizia hapo: "Unaona? Kubanana." Mimi simkubalii. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba mkono wa chuma unaoshika magurudumu ulivunjika. Mikono hiyo ilikuwa mipya, haikutengenezwa kama ilivyotakiwa, na kasoro haikugunduliwa kabla ya kufungwa kwenye treni. Kasoro ile ingeua hata kwenye uwanja wa ekari elfu. Na Liseberg yenye nafasi tele, Februari 2024 bustani yake mpya ya maji, Oceana, iliungua ikiwa bado haijafunguliwa, na mtu aliyekuwa kazini akapoteza maisha. Anayeogopa mitambo ana haki ya kuogopa, ila aogope fundi na mkaguzi, asiogope ukubwa wa kiwanja.

Kitu kimoja ninachomkubalia moja kwa moja: kwa kijana wa miaka 17 anayehesabu rolakosta na kulinganisha kasi, Göteborg ni bora. Balder ya mbao na Helix zinamtosha siku mbili. Gröna Lund itamwishia mapema.

Sisi tulitoka usiku, simu yangu ikaadhini Maghrib saa nne na ushei, jua ndiyo kwanza linazama. Taa za mapembea zilikuwa zinawaka na hazionekani vizuri kwa sababu anga bado jeupe. Mpwa alilalamika juu ya hilo mpaka pantoni ikafika Slussen. Nimemwahidi tutarudi mwishoni mwa Agosti, giza linapowahi, tuingie saa kumi na moja jioni, bila bangili. Baba yake amesema atatusindikiza hadi gatini, hapandi.