Baba Mkwe na Pikipiki Yenye Tangi la Uongo

Baharia mstaafu aliyeniuzia Yamaha V-Max kule Upanga aliizungumzia kama mtu amzungumziavyo mwanawe aliyefaulu mitihani, na katika maelezo yake yote ya mchana ule hakutaja hata mara moja kwamba tangi la mafuta linaloonekana mbele ya dereva si tangi. Alinieleza kwamba alikuja nayo kwa meli kutoka Baltimore. Kwamba pikipiki za aina hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1985, zikiwalenga Wamarekani wanaopenda kushindana kwa kasi katika mstari ulionyooka wa robo maili, yaani mita 400 hivi. Na kwamba injini yake ya cc 1,198, yenye silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, ilitokana na ile ya pikipiki ya safari ndefu, ikaongezewa nguvu hadi kutangazwa kuwa na farasi 145. Hesabu ya cc hizo niliifanya palepale kwa kipimo ninachokielewa: ni karibu injini nane za bodaboda za cc 150 zilizofungwa katika fremu moja, na kwa jinsi inavyoyumba kwenye kona, nadhani fremu yenyewe ilikusudiwa tano tu.

Kwa kuwa ilikuwa imelala chini ya shuka kwa muda mrefu, niliipeleka kwanza kwa fundi wangu wa Mwananyamala, ambaye kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona akikosa neno. Aliizunguka, akainama, akauliza cheni iko wapi. Nilimwonyesha shafti inayozungusha gurudumu la nyuma, naye akalitazama kopo lake la grisi ya cheni kwa huzuni. Akauliza habari ya zile pua mbili kubwa za alumini zinazong'aa ubavuni, akidhani ndizo zinazoingiza hewa kwenye injini, na alipogundua kwamba ni mapambo matupu yasiyoelekea popote, alinitazama kana kwamba nimetapeliwa. Kisha nikawasha swichi bila kuwasha injini, na kutoka tumboni mwa pikipiki ukatoka mngurumo mwembamba wa mota ndogo, fundi akaruka nyuma hatua mbili.

Mngurumo huo ndio fahari ya pikipiki hii. Kati ya mabomba ya kuingizia hewa mna vilango vinavyokaa vimefungwa wakati wa mwendo wa kawaida, na mizunguko ya injini ikifika 6,000 kwa dakika, mota ile huanza kuvifungua, hadi kwenye 8,000 vinakuwa wazi kabisa, ili kila silinda inywe kutoka kwa kabureta mbili badala ya moja. Mfumo huo huitwa V-Boost, na kila swichi inapowashwa, mota hujinyoosha kidogo kujipima. Fundi alisikiliza maelezo yangu hadi mwisho, akahesabu kabureta nne, akazidisha kwa nne bei yake ya kusafisha kabureta moja, na hapo ndipo neno lake lilipomrudia.

Jumamosi iliyofuata, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa anaposa Bagamoyo. Wazee walikuwa wamekwisha tangulia, na gari lililobaki kwa ajili ya baba mkwe likagoma kuwaka mbele ya nyumba yake ya Kinondoni. Mzee alisimama barazani akiwa na kanzu iliyopigwa pasi vizuri na koti jeusi juu yake, akalitazama gari, akaitazama pikipiki, akalitazama gari tena.

"Baba, mimi nitakwenda taratibu," nikamwambia.

"Kanzu yangu isije ikaingia kwenye cheni, mwanangu."

"Haina cheni, baba."

Jibu hilo, ambalo mimi nililitoa kwa nia ya kumtuliza, lilimtia mashaka mapya kuhusu kitakachotuendesha. Hata hivyo alivaa helmeti, akaiweka kofia yake ya kiua mfukoni, akapanda kwa msaada wangu na wa kijana wa dukani, na tukaondoka.

Tulipofika Tegeta nikaingia sheli. Mhudumu alinikaribisha kwa adabu, akauliza niwekewe kiasi gani, kisha, bila kunipa nafasi ya kujibu, akainyoosha pampu kuelekea kwenye tangi lililo mbele yangu na kuanza kutafuta kifuniko. Juu ya tangi hilo la uongo kuna saa ya duara inayoonyesha mizunguko ya injini, na jirani yake ipo ya joto. Mhudumu aliichagua ile kubwa, akaishika kwa mkono mzima, akaanza kuizungusha.

"Dada, hiyo ni saa," nikamwambia.

"Kifuniko kimeng'ang'ania," akanijibu, akamwita mwenzake mwenye mikono ya nguvu.

Nililazimika kuwaeleza wote wawili, pamoja na bodaboda waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu na ambao sasa walikuwa wameshuka ili waone, kwamba kabureta na sanduku la hewa vimejaa mahali ambapo tangi lingekaa, na kwa hiyo waliounda pikipiki walilipeleka tangi chini ya kiti na kuacha hapa mbele ganda tu. Mdomo wa tangi uko chini ya kile kiegemeo kifupi kilicho nyuma ya dereva. Yaani, kwa wakati ule, ulikuwa mbele ya magoti ya baba mkwe.

Mzee hakutaka kushuka, kwa sababu kupanda kulikuwa kumemgharimu jasho na heshima, lakini mhudumu alikataa katakata kujaza mafuta akiwa juu. Akashushwa. Kiegemeo kikafunuliwa, pampu ikaingizwa kwa pembe ambayo haikuizoea, na mafuta, baada ya kulijaza tangi la lita 15 haraka kuliko mhudumu alivyotarajia, yakaruka juu ya kiti. Tulikifuta kwa kitambaa. Baba mkwe akapandishwa tena, safari hii na bodaboda watatu waliokuwa wakipokezana maagizo, akakalia kile tulichodhani kimekauka.

Kuanzia Bunju barabara ilipungua magari, na mzee, ambaye mpaka hapo alikuwa amefumba macho, akachungulia juu ya bega langu. Mshale wa spidi ulikuwa kwenye 50. "Vijana mnasema inakimbia," akanipigia kelele sikioni, "hamsini tu?" Sikuwahi kupata nafasi ya kumweleza kwamba pikipiki za Marekani huhesabu kwa maili na kwamba hiyo 50 ni kama kilomita 80 kwa saa. Karibu na Mapinga tukalikuta lori la mchanga likijikokota. Nilipoona mbele kweupe nikarudisha gia ya pili, nikakaza mkono, na injini ikapita 6,000 wakati ubavu wa lori ukiwa bado kushoto kwetu. Vilango vikafunguka. Nilichosikia baadaye ni shahada, ikitamkwa kwa sauti ya juu na ya wazi, na mikono miwili ikinikaba tumbo hadi Kerege.

Bagamoyo tulipokewa kwa heshima zote. Bahati mbaya, wenyeji walikuwa watu wa kufuata desturi, na mara tu mzee alipoketi, bibi mmoja akaleta chetezo cha udi chenye makaa mekundu na kukisogeza karibu na kanzu yake ili imfukize. Baba mkwe, aliyekuwa ananuka petroli tangu mgongoni hadi visigino, aliruka kutoka kwenye mkeka kwa wepesi ambao ukoo wetu haukuwahi kuushuhudia. Bibi akamfuata na chetezo. Mzee akarudi nyuma hadi ukutani, mikono mbele, akisema asante, asante, inatosha. Wenyeji wakatazamana: mgeni anayekataa udi wa nyumba ya watu ni mgeni anayejiona.

Wakati huohuo wajomba wa binti walikuwa uani wakiizunguka pikipiki, wakizigusa zile pua za alumini, wakikadiria bei. Mshenga wetu aliporudi kutoka chumba cha pili, uso wake ulikuwa umebadilika. Mahari iliyokuwa imekubaliwa kwa maneno wiki iliyotangulia ilikuwa imepanda, na sababu waliyoitoa ni kwamba watu wanaosafiri kwa chombo kama kile hawawezi kulia shida.

Baba mkwe akanigeukia. "Nenda kawaambie kwamba tangi ni la uongo."

Nikaenda. Mbele ya wajomba wanne nililigonga lile ganda kwa kidole ili wasikie lilivyo tupu, nikawaeleza kwamba pua zile haziingizi hewa hata kidogo, nikawatajia alichonidai fundi kwa kabureta nne, na mjomba mkubwa akanipa pole ya dhati. Mahari ikashuka, ingawa haikurudi pale ilipoanzia, na tofauti iliyobaki baba mkwe alinidai mimi kabla hatujafika Bunju.