Na kungwi naye akate leseni?

Mwandishi umesema kila anayetoa ushauri wa kisaikolojia lazima awe na leseni, na wachangiaji hapa wanapiga makofi tu. Mimi niko Newala, nauliza: kungwi je? Huku mwari akiwekwa ndani, kungwi ndiye anayemfunda, na ndoa ikiyumba anaitwa huyohuyo. Shehe na padri vilevile. Wote hao tuwapeleke chuo?

Wenzetu walishaligusa hili. Marekani kila jimbo lina sheria yake, lakini nyingi haziwabani viongozi wa dini wanaowashauri waumini wao, wala wanafunzi wanaojifunza kazi chini ya msimamizi mwenye leseni, mradi wasijiite wanasaikolojia kamili. Uingereza ndiyo kichekesho: huwezi kujiita mwanasaikolojia tiba bila kusajiliwa, ila neno "mwanasaikolojia" likiwa peke yake halina ulinzi. Kenya wana sheria yao ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014.

Kilichoniuma mimi ni kingine. Msimu wa korosho, hela ikiwa mkononi, alikuja mtu na bango lake, koti jeupe, "mtaalamu wa akili". Dada yangu alikuwa amefiwa na mtoto. Akalipa elfu hamsini kwa vikao viwili, akaambiwa aache dawa za hospitali. Wiki ya tatu tukambeba usiku hadi hospitali ya Ligula, Mtwara. Wa kuulizwa karatasi ni huyo. Bibi yangu na ngoma yake ya unyago hajawahi kumkataza mtu dawa.