Kidato cha Pili Hakina Mwenyewe

Kikao cha wazazi katika sekondari yetu ya kata, hapa Tanga mjini, mzazi anakijua hata kabla barua haijamfikia. Dua, salamu, taarifa ya mkuu wa shule, kisha michango: chakula cha mchana, mlinzi, mwalimu wa kujitolea wa hisabati, mitihani ya kujipima, na kambi ya kidato cha nne ya kujiandaa na mtihani wa taifa. Kwenye kambi ndipo ukumbi unapopamba moto. Wazazi wa kidato cha nne wanahesabiwa miezi iliyobaki, wanaambiwa mwaka jana ziro zilikuwa ngapi. Sisi wenye watoto wa kidato cha pili tumewekwa kwenye mengineyo, na mengineyo hayafikiwi, maana adhana ya adhuhuri ikilia watu wameshanyanyuka.

Ninalolisema ni kwamba shule zetu za kata zinaanza kumshughulikia mtoto wakati ameshaharibikiwa. Anapotea kidato cha kwanza na cha pili, kimyakimya, halafu miaka miwili baadaye tunachangishwa kambi ya kumtafuta.

Simlaumu mwalimu mmoja mmoja. Mkuu wa shule anapoitwa kujieleza, anaulizwa matokeo ya kidato cha nne. Kama mwalimu wa fizikia ni mmoja shule nzima, atampeleka wapi? Atampeleka juu. Huku chini ataingia wa kujitolea, au hataingia mtu. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile sijui kama ningethubutu kufanya vinginevyo, lakini hilo halimsaidii mwanangu.

Chukua daftari la baiolojia la binti yangu. Ni kaunta buku iliyofunikwa gazeti, mwandiko wa kupendeza, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ukurasa mzima ni mmeng'enyo wa chakula, kwa Kiingereza, na mchoro wa utumbo ambao hata ukiutundika ukutani hautakuaibisha. Nikamuuliza, chakula kikishatoka tumboni kinaelekea wapi?

"Mama, hiyo tuliandika tu. Hatujaelezwa."

"Nani aliyeandika ubaoni?"

"Monita. Mwalimu alimwachia kitabu."

Chini ya ukurasa pana alama ya vema na sahihi. Kwa hesabu za shule, mada imefundishwa na daftari limesahihishwa.

Mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari anavuka kwenda sekondari na karibu kila somo linageuka Kiingereza. Yako mafunzo ya lugha ya wiki za mwanzo, ila wengi huripoti yakiwa yanaendelea au yamekwisha, kwa sababu mzazi bado anahangaikia sare na viatu. Ada ya 20,000 ya kutwa ilifutwa Januari 2016 na tulishukuru, lakini sare na viatu ni vya mzazi. Nimeona jambo moja nyumbani kwangu: masomo ambayo binti yangu anarudi nayo mdomoni, akabishana na babu yake mpaka chakula kikapoa, ni mawili, Kiswahili na lile liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, yanayofundishwa kwa Kiswahili. Ya fizikia sijawahi kuyasikia. Na huu ndio mji ambao Wajerumani walifungua shule ya serikali mwaka 1892, wakawasomesha makarani wao kwa Kiswahili na kazi zao zikaenda!

Babu yake mwenyewe alipita shule za kati, darasa la tano hadi la nane. Watoto wa rika hilo walikuwa na shule yao na mkuu wao, na hapakuwa na kidato cha nne cha kuwanyang'anya mwalimu. Tusizitamani sana lakini. Wengi wa wenzake waliishia darasa la nne, mtihani ukawachuja, wakarudi mashambani. Tumefungua mlango wakaingia wote, jambo jema, ila wakishaingia hakuna anayewangoja ndani.

Ukiwauliza watoto, hawaanzi na Kiingereza. Wanaanza na fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na mchapaji awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Mwambie hayo mtoto wa kidato cha pili, atakucheka. Kwao fimbo imeshikana na lugha: akisema Kiswahili anaandikwa jina, akikosea Kiingereza darasa zima linaangua kicheko, basi salama yake ni kunyamaza. Kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniambia mwalimu hajui jina lake, humwita "wewe wa nyuma". Siku hizi yuko Deep Sea, soko la samaki la hapa mjini, anaparua samaki. Kwenye rejista ameandikwa mtoro, na sijasikia kikao chochote kikimtaja.

Wapo watakaosema upimaji wa kidato cha pili upo, na asiyefikia kiwango anarudia. Ni kweli. Lakini unafanywa mwisho wa mwaka wa pili, na kurudia ni kurudi kwa monita yuleyule na kitabu kilekile.

Kinachonitia hofu zaidi ni mwaka 2028. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita, na elimu ya lazima ni miaka 10, yaani mpaka kidato cha nne. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza mwaka 2027 pamoja na wale wa darasa la saba, na Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza. Habari ninazozisikia ni za vyumba vya madarasa. Vyumba tutavijenga, tumeshavijenga sana, mpaka tunajua bei ya mfuko wa saruji kuliko bei ya sukari. Walimu je?

Ninachotaka si kikubwa. Mwalimu bora wa Kiingereza na bora wa hisabati wapangiwe kidato cha kwanza, hata kama ni kwa muhula mmoja, na kambi isubiri. Alama za Juni za kidato cha pili zisomwe kikaoni somo kwa somo, pamoja na vipindi ambavyo havikuwa na mwalimu. Takwimu hizo zipo, mwalimu wa taaluma anazo. Nimemwomba mjumbe wetu wa bodi apeleke ajenda hiyo iingie kabla ya michango. Amenijibu kwamba mkuu hajakataa, ila anaomba kwanza tumalize deni la mlinzi.