Msitu uliokatwa una wenyewe

Wawindaji wa Michigan, Wisconsin na Minnesota, huko Marekani, wanadai jambo linalowaudhi wapenda mazingira wengi: sehemu za msitu zikatwe, na zikatwe kwa zamu miaka nenda miaka rudi. Mimi niko upande wao, ingawa si hadi mwisho wa safari.

Ndege wanayemwinda ni grausi, wa jamii ya kwale. Historia yake inaanzia kwenye uharibifu. Tangu katikati ya karne ya 19 misonobari ya majimbo hayo ilifyekwa karibu yote, na mbao zake zikaenda kujenga miji. Matawi yaliyoachwa chini yakakauka, moto ukayakuta. Mwaka 1871 moto wa Peshtigo, Wisconsin, uliua watu zaidi ya 1,000.

Kwenye ardhi ile iliyoungua ikaota aspeni, mti usiovumilia kivuli. Ukiukata, mizizi yake husukuma juu maelfu ya machipukizi katika ekari moja, yamesongamana kiasi kwamba kipanga hapenyi kirahisi. Humo ndimo grausi hujificha na makinda yake. Lakini theluji ikishafunika ardhi, ndege huyohuyo hupanda kwenye aspeni zilizokomaa kula matumba ya maua. Anahitaji kichaka kichanga na mti mzima, tena jirani. Gordon Gullion, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitumia miongo kadhaa katika msitu wa Cloquet kuchunguza uhusiano huo wa ndege na umri wa miti.

Msitu ukiachwa bila kuguswa, aspeni huzeeka na kupisha miti inayovumilia kivuli, chini panabaki peupe, na grausi hupungua. Wawindaji waliliona hilo kwa miguu yao. Mwaka 1961 kikaundwa chama cha Ruffed Grouse Society, ambacho kazi yake kubwa ni makazi ya ndege huyu: kuhimiza ukataji wa vipande vya umri tofauti na kusaidia kazi ya mikono inayofuata. Michigan kuna maeneo ya umma ambako njia za zamani za magogo zimefungwa magari na kusiwa kloveri, majani anayoyala grausi. Na pesa wanatoa. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya 1937, bunduki ndefu na risasi hutozwa kodi ya asilimia 11, inayorudi majimboni kwa ajili ya wanyamapori.

Atasema mtu: wanatunza kitoweo chao tu. Sawa, lakini vichaka hivyo hivyo ndivyo anavyotagia ndege mdogo mwenye doa la dhahabu bawani, anayehama kila mwaka hadi Amerika ya Kati. Hakuna anayemwinda, na bado anafaidika.

Ninapoachana nao ni kwenye msitu mkongwe. Hartwick Pines, Michigan, imebaki misonobari ya kale kwenye hekta kama 20 tu. Pale sitaki kusikia msumeno. Kigong'ota anayechimba kiota kwenye mti mnene uliokufa hana mtu anayemkatia leseni ya uwindaji, kwa hiyo sauti ya mwindaji haiwezi kuwa sauti pekee ya msitu.

Kwetu Afrika Mashariki hatufanani katika uwindaji. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, Tanzania ina vitalu vya uwindaji. Lakini miombo yetu nayo huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi. Kinachoimaliza hasa ni jembe linalong'oa kisiki, na moto mkali wa mwisho wa kiangazi unaochoma chipukizi kabla halijapata urefu wa mtu. Tunapozungumzia uhifadhi kwenye vitalu, karibu kila mara tunataja doria na majangili. Doria ni lazima. Ila mahali palipopita wachoma mkaa, anayefaidika na wanyama wa pale ningependa aulizwe pia: visiki vingapi vimechipua, nani amechoma mapema majani ya kuzunguka ili moto wa Septemba usifike, na shamba jipya limeanza wapi? Maswali hayo yaingie kwenye mikataba ya vitalu, na majibu yake yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji.