Simu ya mwombaji kazi si mali ya mwajiri

Ukiomba kazi Uganda leo, unatoa mengi kabla hujaitwa hata kwenye mahojiano. Nakala ya kitambulisho cha taifa yenye NIN, yaani namba yako ya utambulisho, vyeti vya shule kuanzia PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inayosema unakaa kijiji gani na tabia yako ikoje, majina na namba za simu za wadhamini. Sina ugomvi na hayo. Mwombaji anajua ametoa nini, amempa nani na kwa ajili gani. Kinachonikera ni kile kinachofuata, pale ofisa wa rasilimali watu anapolichukua jina lako akaanza kulisaka Facebook, X na TikTok, akashuka mpaka picha za miaka ya nyuma, akapiga skrinshoti na kuziweka kwenye faili, halafu wewe ukaambiwa tu "tutakupigia".

Kuna dada mmoja wa hapa Busia, mji wetu wa mpakani na Kenya, aliyeomba kazi ya keshia. Kwenye mahojiano aliambiwa afungue simu yake palepale mezani, aoneshe Facebook, kisha WhatsApp. Mmoja wa waliokuwa wakimhoji akaishika simu mwenyewe, akawa anapekua kwa kidole gumba. Akafika kwenye picha ya mkutano wa siasa, akamuuliza: "Na hawa ndio watu wako?" Ndani ya WhatsApp kulikuwa na kikundi cha akina mama wa kanisani wanaowekeana akiba, na ujumbe wa mdogo wake kuhusu majibu ya hospitali. Hao wote hawakuomba kazi pale. Kazi hakuipata na sababu hakuambiwa. Pengine kulikuwa na aliyemzidi kwa haki kabisa. Hawezi kujua, na hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu tuhuma usiyoijua huwezi kuijibu.

Waajiri wana jibu lao: "Si ameweka mwenyewe hadharani?" Ni kweli Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inaruhusu taarifa zichukuliwe kwingine bila kumpitia mhusika, kama yeye mwenyewe amezitangaza kwa makusudi. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka anayekusanya awe na kusudi halali, achukue zinazohitajika kwa kusudi hilo tu, na asizishike kuliko muda unaohitajika. Tena imetenga mambo ambayo kwa kawaida ni marufuku kuyakusanya: imani ya dini, maoni ya kisiasa, maisha ya kimapenzi, hali ya fedha na afya. Sasa niambieni, ukurasa wa mtu wa Facebook una nini zaidi ya hayo? Pasaka yake ipo, Idi yake ipo, mgombea wake yupo, mchumba wake yupo, na mchango wa matibabu ya baba yake upo. Anayeupekua wote hawezi kuyakwepa hata akitaka, na akishayaona hawezi kujifanya hakuyaona.

Sheria ya Ajira ya 2006 nayo inakataza kumbagua mtu kazini kwa dini, maoni ya kisiasa, ulemavu au kuishi na virusi vya UKIMWI. Kwa sheria hiyo, mwajiri anapaswa kuogopa kumuuliza mtu usoni kama ana virusi. Leo hana haja ya kuuliza, akimkuta tu kwenye kikundi cha watu wanaotiana moyo kutumia dawa, basi amejua.

Wapo wanaosema mwombaji aliridhia, kwani simu aliifungua mwenyewe. Mwenye njaa hana miiko. Kijana aliyemaliza chuo, akakaa nyumbani akilishwa na mama anayeuza mboga sokoni, ukimwambia afungue simu atafungua, na ukimwomba neno la siri atakupa. Sheria inataka ridhaa itolewe kwa hiari, na mimi sioni hiari yoyote mbele ya meza ya watu watatu walioshika riziki yako. Jimbo la Maryland kule Marekani liliona hivyo mwaka 2012, likapiga marufuku mwajiri kudai neno la siri la akaunti za mwombaji, na majimbo mengine yakafuata.

Sisemi mwajiri asijue anamwajiri nani. Shule inayotafuta mwalimu ina haki ya kujali kama huyo mtu hurusha mitandaoni picha za watoto wanaoadhibiwa. Benki ina haki ya kujihadhari na tapeli. Basi iseme hivyo wazi kwenye tangazo la kazi, itaje itaangalia nini, na iangalie yale yanayohusu kazi hiyo peke yake. Kazi ya kuangalia mitandao apewe mtu asiye na kura kwenye kuajiri, alete yanayohusika na mengine ayaache alikoyakuta. Wakikuta jambo, mwombaji aitwe aoneshwe. Majina yanafanana sana nchini kwetu, na akaunti za bandia zenye picha za watu ni nyingi. Mtu anaweza kunyimwa kazi kwa maneno ya mwingine kabisa.

Waliokwisha kuajiriwa nao hawajasalimika. Kikundi cha WhatsApp cha wafanyakazi kina mtu anayempelekea bosi skrinshoti, kila mmoja anamshuku mwenzake, na malalamiko ya kweli kuhusu mshahara uliochelewa yanakufa kimyakimya.

Tunayo Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, na mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko yake huko bila kuwa na wakili. Kampuni inayokiuka inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Ningependa ofisi hiyo iwatolee waajiri mwongozo wa kuajiri peke yake, ulioandikwa kwa lugha ambayo mwenye duka la jumla hapa Busia ataielewa, na ndani yake iseme waziwazi kwamba kumtaka mwombaji afungue simu yake kwenye mahojiano ni kosa. Na dada yule ana haki ya kuiandikia kampuni ile, aulize walichukua nini kwenye simu yake na wamekiweka wapi. Barua tumeshaanza kuiandika.