Maumivu Kuisha Si Kupona

Kwa mtu aliyeteguka kifundo cha mguu, hakuna kauli inayonikera kama hii: "Si hakuumi tena? Rudi uwanjani." Huitoa makocha, ndugu na wachezaji wenzake, kisha kifundo kilekile kinateguka upya.

Maumivu hupungua mapema, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Kano iliyochanika, yaani ule ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa, haifuati ratiba hiyo. Kwanza mwili husafisha jeraha, ndio uvimbe ule. Halafu huziba pengo kwa nyuzi za kolajeni dhaifu, zilizokaa shaghalabaghala. Kuzipanga zifuate upande ambao kano huvutwa ni kazi ya miezi, pengine hata mwaka. Wiki ya tatu, mguu usiouma hata kidogo bado unashikiliwa na kiraka kibichi.

Ila kusubiri si kulala kitandani. Nyuzi hizo hujipanga kwa kubebeshwa mzigo, na ukikaa tu, shavu la mguu linanywea na kifundo kinakakamaa. Asiyeweza kukanyaga hata hatua nne apigwe eksirei kwanza. Wengine, mkishaweza kukanyaga, anzeni kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, sekunde 30, mara tatu. Mkizoea, fumbeni macho. Zoezi hili hudharauliwa, nami naliweka mbele ya yote: ndani ya kano mna vihisi vinavyoujulisha ubongo kifundo kimekaaje, navyo huumia pamoja nazo. Usipovizoeza upya, kijiwe kidogo tu kinaupindua mguu kabla misuli haijawahi kuuzuia.

Fuatisha kunyanyua visigino, miguu miwili kisha mmoja, ukishuka polepole kwa sekunde tatu.

Kipimo ni asubuhi inayofuata. Wakati wa zoezi, maumivu ya tatu kwa kumi (sifuri ni kutouma kabisa) yanavumilika. Ukiamka kumevimba kuliko jana, punguza idadi kwa nusu, usiache kabisa.

Wapo wanaorudi siku ya kumi wasidhurike, sikatai. Mara nyingi kano zao zilivutika tu. Waliopasuliwa goti kuwekewa kano mpya ya mbele ni habari nyingine: kabla ya miezi tisa, hapana.

Kabla ya kukimbia, mguu ulioumia unyanyue kisigino mara 20 au zaidi, sawa na ule mzima, kisha uruke kwa mguu huohuo na kutua bila kuyumba. Kama umefika 12 ukachoka, endelea na mazoezi ujipime tena wiki ijayo, hata kama mechi ni kesho.