Jahazi la Dhahabu na skrini ya shamba

Ikitajwa ZIFF, Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lililoanzishwa 1997, wengi huiona Ngome Kongwe: ngazi za mawe, wageni wenye vitambulisho shingoni, na tuzo ya Jahazi la Dhahabu. Sina ugomvi na hayo. Ila majumba ya sinema ya mjini, Majestic na Cine Afrique, yalishakufa zamani, na shamba hayakuwahi kufika. Kwa hiyo kazi nzito ya tamasha ni kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba. Hiyo ndiyo ipangiwe bajeti kwanza, isisubiri makombo.

Vifaa si vya kutisha. Projekta ya lumeni 5,000 inatosha kitambaa cha upana wa mita 5, na jenereta ya kilovati 2 inaimudu pamoja na spika mbili. Kinachoharibu onyesho ni vitu vidogo. Tamasha kwa kawaida huangukia Juni au Julai, kusi likivuma, na kitambaa kilichoelekezwa kusini au kaskazini hujaa upepo kama tanga. Kielekezwe mashariki au magharibi, ukuta wa skuli ukikikinga. Pembe za chini zifungwe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili zinyumbuke. Kamba tupu huchana pindo. Jenereta ikae upande wa kaskazini, mita 40 hivi, upepo uondoke na kelele zake. Kwa umbali huo waya mwembamba wa nyumbani haufai: umeme hupungua njiani, projekta ikajizima filamu ilipokolea.

Saa nayo. Msimu huo sala ya magharibi huingia karibu saa 12:20 jioni, isha saa 1:30 usiku. Filamu inayoanzishwa katikati ya sala hizo mbili hukatwa na adhana, wazee wakaondoka na wengine wasirudi. Anzeni saa 2. Na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, aulizwe wiki moja kabla, kwani ndiye anayejua kama usiku huo kuna hitima au harusi.

Lakini kikwazo kikubwa ni lugha. Maandishi ya Kiingereza chini ya filamu ya Kifaransa hayamsaidii bibi wa Micheweni kule Pemba, na hata yakiwa ya Kiswahili, yanakimbia. Ukingo wa chini wa kitambaa usipopandishwa mita moja na nusu, vichwa vya mbele huyafunika. Waliokaa nyuma ya kitambaa (hawakosekani) huyaona kinyumenyume. Dawa tunaijua toka vibandaumiza, vile vibanda vya video vya mitaani: mfasiri mwenye kipaza sauti.

Waongozaji hunung'unika kwamba mfasiri anaizika filamu yao. Nusu ya lawama ni ya kweli, maana yupo asiyenyamaza hata wimbo ukipita. Kosa lakini si lake peke yake, kwa kuwa aghalabu hukutana na filamu hapo hapo uwanjani, pamoja na watazamaji. Apewe filamu siku tatu kabla, pamoja na mazungumzo yaliyochapwa, aitazame mara mbili na kuweka alama pa kunyamaza. Kipaza chake kiwe na njia yake kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), sauti ya filamu ishushwe anaposema na irudishwe akinyamaza. Na alipwe, jina lake likaandikwa kwenye ratiba chini ya la muongozaji.